VIPELE VYA ULIMI: TUHESABU SIKU



Ulimi ni kiungo kidogo, lakini kazi zake ni nyingi. Kwa ulimi tunaonja, tunatafuna, tunameza na tunasema. Ulimi ukiuma, hata ndizi na maharage havimezeki. Mtu hushinda na njaa, na kazi ya shamba humshinda.

Katika vijiji vyetu vya wilaya za Ngara na Biharamulo, wako watu ambao hupata vipele au vidonda kwenye ulimi. Wengine hupuuza. Wengine huingiwa na hofu kubwa. Wengine hukwangua kipele kwa wembe. Leo tujifunze kipele kipi tukingojee kipone, na kipi tukipeleke zahanati.

Tutazame ulimi mzima

Chukua kioo. Simama penye mwanga. Toa ulimi nje. Utaona vinundu vidogo vingi sana. Hivyo ndivyo vinavyofanya ulimi ukwaruze. Nyuma kabisa, karibu na koo, viko vinundu vikubwa zaidi, kama 8 hadi 12. Vimejipanga kwa mfano wa herufi V. Hivyo si ugonjwa. Ni vya kuonjea chakula. Usivikate wala usivikwangue.

Vipele vinavyouma na kupona

Vipele vingi vya ulimi vina sababu ndogo:

1. Kujiuma wakati wa kula.
2. Kuungua kwa uji au chai ya moto.
3. Pilipili, au matunda makali kama nanasi na ndimu.
4. Jino lililovunjika ambalo hukwaruza ulimi.

Kipele cha namna hii huuma sana, lakini huanza kupungua baada ya siku chache.

Viko pia vidonda vidogo vya mviringo. Katikati ni vyeupe au vya manjano, na pembeni ni vyekundu. Huuma kama moto. Navyo kwa kawaida hupona vyenyewe katika wiki moja au mbili.

Ulimi ukiwa mwekundu, laini na wenye maumivu, na pembe za mdomo zikipasuka, huenda mwili umepungukiwa na damu au vitamini. Kula ugali mtupu kila siku hakutoshi. Ongeza maharage, mboga za majani, mayai, dagaa na matunda. Lakini kwanza upimwe damu zahanati.

Utando mweupe

Mtoto mchanga akiwa na weupe kwenye ulimi, mama aufute taratibu kwa kitambaa safi. Ukifutika kwa urahisi, ni maziwa. Usipofutika, au ukiacha wekundu na damu, ni ugonjwa wa fangasi. Unayo dawa. Mpeleke kliniki.

Mtu mzima akipata utando huo asione aibu. Unaweza kuonyesha kuwa nguvu ya mwili ya kujikinga imepungua. Sababu inaweza kuwa kisukari, au virusi vya UKIMWI. Si kila mwenye utando ana virusi. Njia ya kujua ni kupima. Katika vituo vya serikali kupima virusi vya UKIMWI ni bure, na dawa zake ni bure.

Kisichouma kisitudanganye

Tuwafikirie watu wawili wa kijiji kimoja. Mama mmoja ana kidonda cha ulimi kinachomliza. Jirani yake, mzee anayevuta kiko, ana uvimbe mgumu ubavuni mwa ulimi. Hauumi. Mzee anasema, "Mimi sina shida. Mpelekeni mama."

Baada ya siku 10 kidonda cha mama kimepona. Baada ya miezi miwili uvimbe wa mzee bado upo, nao umeongezeka.

Ni nani aliyepaswa kwenda hospitali mapema? Ni mzee. Saratani ya ulimi mara nyingi huanza bila maumivu. Wanaovuta au kutafuna tumbaku, na wanaokunywa pombe nyingi, wamo hatarini zaidi. Kidonda cha kaswende nacho kinaweza kutokea mdomoni bila kuuma. Basi tusipime ugonjwa kwa maumivu peke yake. Tupime kwa siku.

Hapa kisomo chetu kina manufaa. Siku kipele kinapoanza, chukua daftari lako. Andika tarehe. Andika pia mahali kilipo: kulia, kushoto, mbele au nyuma. Zikitimia siku 14 na hakijapona, nenda na daftari kwa tabibu. Saratani ikigunduliwa mapema, matibabu huwa na matumaini makubwa zaidi. Mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako saratani hutibiwa.

Nenda mapema, usingoje siku 14, kama:

• Huwezi kumeza maji au mate.
• Ulimi umevimba na pumzi inakuwa nzito. Hii ni hatari kubwa. Nenda saa hiyo hiyo.
• Mtoto ana homa na vidonda mdomoni, na anakataa kunyonya au kunywa. Atakaukiwa na maji mwilini.
• Vipele vipo mdomoni na mwilini pia, pamoja na homa.
• Kuna homa kali na damu inatoka kwenye fizi. Tukumbuke kuwa Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Biharamulo. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025. Mgonjwa wa namna hii asiguswe kwa mikono mitupu. Toeni taarifa kwa mhudumu wa afya upesi.

Tufanye nini nyumbani?

Chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja. Sukutua, kisha tema. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku. Kula vyakula laini vilivyopoa, kama uji na ndizi zilizopondwa. Acha pilipili, tumbaku na pombe. Piga mswaki taratibu. Maumivu yakizidi, meza panadoli kwa kipimo kilichoandikwa.

Usipake tindikali wala dawa usiyoijua. Usimeze dawa zilizobaki za mgonjwa mwingine. Mwenye vidonda mdomoni asichangie mrija wa pombe, kikombe wala mswaki na wenzake, maana baadhi ya magonjwa huenea kwa mate.

Tukumbuke: kipele kinachouma leo huenda kikapona kesho kutwa. Kisichopona kwa siku 14, kiume kisiume, kionwe na tabibu.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini vinundu vya nyuma ya ulimi visikatwe?
2. Kwa nini mzee alipaswa kwenda hospitali mapema?
3. Zahanati iliyo karibu na kijiji chetu iko wapi? Mgonjwa atafikaje huko usiku?
4. Andika katika daftari tarehe ya leo. Siku 14 zitatimia lini?