Asidi Iliyofumbata Kiganja

Msomaji wetu mmoja aliyeko Muscat ametuandikia kuhusu mwenzake wa nyumba, dada wa Kifilipino. Kila wiki dada huyo hupika kuku kwa siki, kitunguu saumu, pilipili manga nzima, sosi ya soya na jani kavu wanaloliita laurel. Chakula hicho ni adobo. Kikiiva hubaki palepale jikoni usiku kucha, kifuniko juu, na kesho yake huliwa kwa wali kana kwamba hakuna joto duniani. Msomaji wetu, aliyelelewa Tanga kwa mchuzi unaochacha kabla ya alfajiri, anauliza kama kuna dawa humo.

Dawa ipo, nayo ni siki yenyewe.

Historia nitaipita mbio. Wafilipino walipika kwa siki kabla Wahispania hawajafika. Jina ndilo lililoletwa na wageni, kutoka neno lao la kuloweka nyama kwa viungo. Padri Pedro de San Buenaventura, katika kamusi yake ya Kitagalogi iliyochapwa Pila mwaka 1613, tayari alikitaja chakula hiki kuwa adobo ya wenyeji. Soya ililetwa na Wachina, na ipo adobo nyeupe isiyo na soya kabisa. Batangas hutia manjano, na kwingine tui la nazi. Mwaka 2021 Wizara ya Biashara na Viwanda ya Ufilipino ilipotangaza kwamba inaandaa kiwango rasmi cha adobo, watu walikuja juu: nani atamfundisha mama yangu kupika? Wizara ikalazimika kueleza kwamba majiko ya nyumbani hayaguswi. Nawaelewa waliokasirika. Lakini katika vyungu vyote hivyo, siki haikosekani, na hapo ndipo palipo na utamu wa habari hii.

Maana ya pH sitaieleza, imo katika vitabu vya sekondari. Ninachotaka tukitazame kwa karibu ni molekuli moja ya asidi ya siki inapomkaribia bakteria.

Kila molekuli ya asidi hii hubeba protoni moja inayoweza kuiachia. Asidi kali, kama ile ya tumboni mwetu, huziachia protoni zote mara tu inapoingia majini. Asidi ya siki haina haraka hiyo. Katika mchuzi wenye pH 4, kati ya molekuli 100 za siki, karibu 85 bado zimeshikilia protoni zao na 15 tu ndizo zimeachia. Vitabu vyetu huiita asidi dhaifu, na neno hilo limeniudhi tangu shuleni. Mwanafunzi akisikia dhaifu hudhani haina madhara, kumbe mbele ya bakteria huko kushikilia ndiko kunakoipa nguvu. Mwenzangu ofisini alipendekeza asidi isiyotengana. Ni sahihi, lakini halikai mdomoni. Mimi napendekeza asidi fumbate, kutoka kufumbata, kushika kitu ndani ya kiganja kilichofungwa. Kama teua ilivyozaa teule, fumbata nayo izae fumbate. Na ile iliyokwisha kuachia protoni yake iwe asidi fumbuke. Nimeyatamka maneno haya mawili mara nyingi nikiwa peke yangu, na kila mara yananipa picha ya mkono.

Shikeni picha hiyo, sasa tupande chomboni.

Bakteria ni jahazi dogo sana, na utando wake ni ubao uliopigwa kalafati vizuri. Kitu chenye chaji ya umeme, kama protoni iliyo peke yake, hakipenyi kwa urahisi. Ni kama maji ya bahari yanayogonga ubavu na kurudi. Ndiyo maana asidi kali, kwa pH ileile, huwa haimsumbui bakteria kama siki inavyomsumbua: protoni zake zote zimebaki nje, zikigonga. Asidi fumbate haina chaji. Ni abiria aliyefumba kiganja, na kwa nje haonekani amebeba nini. Hupenya kwenye utando akaingia hadi ndani.

Ndani ya chombo mambo hubadilika. Bakteria hujitahidi kuweka pH yake karibu na 7, kwa sababu vimeng'enya vyake havifanyi kazi penye uchachu. Katika pH 7, kati ya molekuli 1,000 za siki ni kama 6 tu zinazobaki fumbate. Nyingine zote hufumbua kiganja, na kila kiganja kilikuwa na maji. Tone moja si kitu. Lakini siki ya mezani ina asidi asilimia 4 au zaidi, na abiria hawa huja kwa mamilioni. Tena abiria akishafumbua hawezi kushuka, kwa sababu sasa ana chaji, na ubao uleule uliokuwa ukimlinda bakteria unamfungia humo mgeni aliyetua mzigo.

Maji yakianza kujaa ngamani, baharia huchukua upo, ile kata ya kufulia maji, akaanza kufua. Bakteria naye ana pampu za kusukuma protoni nje, na kila protoni anayoitoa humgharimu ATP, nishati ambayo angeitumia kujenga protini na kuzaana. Huku anafua, kule abiria wengine wanapanda. Protoni aliyoitupa baharini inakutana na asidi fumbuke iliyokuwa ikielea, inafumbatwa, inapanda chomboni mara ya pili. Hakuna aliyebaki kushika usukani wala kutweka tanga. Chombo hakijazama, lakini hakiendi popote. Bakteria katika adobo mara nyingi hauawi kwa pigo moja. Anachoshwa kwa kufua maji hadi hana nguvu ya kuzaa, na bakteria asiyezaa hachachishi kitu.

Kumbukeni pia kwamba chungu kilichemka kwanza, kwa hiyo waliokuwemo wengi wamekwisha kufa. Siki inawangoja wanaoingia baadaye, pamoja na zile mbegu ngumu za bakteria zinazostahimili maji ya moto. Za aina ya botulinum haziamki penye pH chini ya 4.6. Chumvi ya soya nayo husaidia. Haya yote yanahusu chungu chenye siki ya kutosha. Aliyetia vijiko viwili kwa jagi la maji, akiweke friji.

Na siki hiyo hutoka wapi? Ilocos huitengeneza kwa miwa, Paombong kwa utomvu wa mnipa, na visiwani kwingi kwa tuba, ambayo mtu wa pwani yetu ataitambua kwa harufu tu: ni tembo la mnazi. Mgema hupanda, hukata karara, hukinga kibuyu. Hamira za hewani hugeuza sukari kuwa pombe ndani ya saa chache, kisha bakteria wengine, Acetobacter, huigeuza pombe kuwa siki. Hawa nao ni bakteria, na wanaishi katika asidi ileile inayowachosha wenzao, wakiitengeneza wenyewe. Mabaharia hawa nitawarudia siku nyingine.

Kwa msomaji wetu wa Muscat nina ombi. Mwulize mwenzako kwao hutumia siki ya miwa, ya mnipa au ya tuba, na kama mama yake alimkataza kukoroga kabla siki haijachemka, maana katazo hilo limo katika familia nyingi za Kifilipino. Akikupa jibu, niandikie.