Fahamu: Kazi za mgodini kupitia mkandarasi

Ni nini?
Mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo wilayani Tarime, hauajiri kila anayeingia getini. Kazi kadhaa hutolewa kwa wakandarasi kupitia zabuni, kwa hiyo mshahara hutoka kwa mkandarasi.

Kwa nini ni muhimu?
Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002. Leo kampuni ya Barrick inamiliki asilimia 84 ya hisa na Serikali ya Tanzania 16. Kanuni za madini za 2018 zinataka Watanzania wapewe kipaumbele katika ajira na manunuzi, hivyo mfugaji wa wilaya ya Serengeti au mwenye lori Tarime anaweza kunufaika kwa kuuzia mgodi bidhaa au huduma.

Tatizo liko wapi?
Zabuni ikiisha, ajira nayo huyumba. Ushindani wa bei unaweza kubana mishahara, na mfanyakazi akidai haki yake hujikuta akizungushwa kati ya mgodi na mkandarasi. Kuzungushwa huku ndilo tatizo zito zaidi.

Ufanye nini?
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Yadai mapema, kisha hakikisha michango yako inafika kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF.