Kutoka WhatsApp ya Chama Hadi Meza ya Karani: Akina Mama na Ombi Rasmi

Pampu ya kisima ikiharibika kijijini, habari hufika kwanza kwenye kundi la WhatsApp la chama. Akina mama hutuma picha za mitungi iliyopangwa foleni, na wengine hurekodi malalamiko kwa sauti. Mara nyingine mwakilishi wadi huongezwa kwenye kundi ajisomee mwenyewe. Wiki mbili baadaye mazungumzo yamehamia mchango wa harusi, na pampu bado haijatengenezwa.

Shida si kukosa sauti. Ujumbe wa simu, hata ukisomwa na watu elfu moja, hauna faili ofisini wala afisa anayelazimika kuujibu. Ombi la maandishi ni jambo jingine. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti. Kifungu cha 89 nacho kinazitaka ofisi za kaunti kujibu maombi ya wananchi bila kukawia.

Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hata kwa mkono. Hueleza tatizo, hatua ambazo zimeshachukuliwa na kile kinachoombwa. Wanaoliunga mkono huandika majina na nambari za vitambulisho, kisha hutia sahihi au alama ya kidole gumba. Hapa mkutano wa chama unaishinda simu: mama asiye na simu ya kisasa, ambaye pengine ndiye anayetembea mbali zaidi kuteka maji, huhesabiwa sawa na wenzake. Picha za simu zenye tarehe huambatishwa kama ushahidi. Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti, na ni busara katibu wa chama abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Wengi huponzwa na kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini waraka wa mikakati ya fedha hufikishwa bungeni kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kikundi kinachoamka Juni hukuta fedha karibu zote zimeshagawanywa.

Huenda pia pesa za pampu zilitengwa zamani. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, anayeuliza hujibiwa ndani ya siku 21, na hatozwi ada ya kuwasilisha ombi lake. Asiyejua kuandika huandikiwa na afisa wa habari na kupewa nakala. Akinyimwa habari, anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Maji, zahanati, chekechea na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Madarasa ya shule ya msingi na polisi ni ya serikali kuu, na ombi la aina hiyo likiletwa kaunti litapoteza miezi bure.