Mayahudi Machoni pa Wengine

Muislamu wa mwambao, aliyesikia tangu chuoni visa vya Nabii Musa na Firauni, humhesabu Myahudi kuwa miongoni mwa Ahlul-Kitabi, ambao Kurani, katika sura ya Al-Maida, imemhalalishia chakula chao na kuwaoa wanawake wao wenye kujihifadhi; ijapokuwa Kurani hiyo hiyo huwalaumu baadhi yao, na kila zama, naona, imeshika upande ulioafiki siasa zake.

Mageuzi makubwa zaidi yalitukia Roma. Kwa karne nyingi Wakatoliki, katika sala ya Ijumaa Kuu, waliwaombea Mayahudi huku wakiwataja kwa neno la kuwashutumu, ambalo Papa Yohane XXIII aliliondoa mwaka 1959. Na mwaka uliofuata akampokea Jules Isaac, mwanahistoria Mfaransa ambaye mkewe na bintiye waliuawa na Wanazi, aliyemsihi ayatazame upya mafundisho ya Kanisa yaliyowadharau watu wake. Tarehe 28 Oktoba 1965, baada ya mabishano marefu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko la Nostra Aetate, kwa kura 2,221 dhidi ya 88, likikataa kuwatwisha Mayahudi wote, wa wakati ule au wa leo, hatia ya mauti ya Yesu.

Ama asiye na dini, yeye hutatizwa na jingine: kwamba sharia ya Kiyahudi humhesabu aliyezaliwa na mama Myahudi kuwa Myahudi hata akikana kuwapo kwa Mungu, jambo ambalo Mkristo na Muislamu nao, tukisema kweli, hawalifahamu upesi.