Kichomi na Mwenye Ugonjwa wa Sukari

Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipigwa sindano ya dawa mpya, yaani insulini. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemkondesha hata akabaki mifupa na ngozi. Sindano ya kwanza haikumfaa sana, lakini dawa ilipotakaswa na kurudiwa siku 12 baadaye, sukari ilishuka na nguvu zikamrudia. Aliishi miaka 13 zaidi. Mwaka 1935 alikufa kwa kichomi.

Kichomi ni ugonjwa wa mapafu uletwao mara nyingi na vijidudu viitwavyo bakteria. Vifuko vidogo vya mapafu, ambavyo kazi yake ni kupokea hewa, hujaa maji na usaha. Mgonjwa hupata homa, kikohozi, maumivu ya kifua na pumzi za haraka.

Damu ina askari wake wapiganao na vijidudu. Sukari ikizidi, askari hao hulegea. Tena ugonjwa wa kichomi wenyewe huipandisha sukari, hata kama mgonjwa hakula kitu. Hivyo kila ugonjwa humsaidia mwenziwe, na mtu mwenye yote mawili yu katika hatari kubwa ya kufa kuliko mwenye kichomi peke yake.

Wako wadhanio kwamba asiyeweza kula yafaa aache insulini. Hilo ni kosa la hatari. Asiiache, kiasi cha kutumia ataambiwa na daktari, na anayemeza vidonge aulize vivyo hivyo. Apime sukari mara kwa mara, anywe maji, na apelekwe hospitali siku ile ile, wala asingoje kikohozi kipoe chenyewe.

Siku za Thompson penisilini ilikuwa haijaanza kutumiwa hospitalini. Leo dawa za kuua bakteria zipo, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Chanjo pia ipo: Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya kuzuia kichomi mwaka 2011, na mtu mzima mwenye ugonjwa wa sukari yampasa kumwuliza daktari habari zake. Zaidi ya hayo, aitunze sukari yake kila siku, na aache tumbaku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.