Siku ya Kufungua Ngoma za Usukuma

Katika nchi ya Usukuma mwaka una majira mawili ambayo hata mtoto mdogo huyajua, nayo ni wakati wa jembe na wakati wa ngoma. Mvua zinapoanza, yapata mwezi wa Novemba, kila mtu huenda shambani. Hulimwa mtama, mahindi, karanga, viazi vitamu na pamba, na mabondeni hupandwa mpunga katika majaruba. Siku hizo mtu akiacha shamba lake ili acheze, wazee humwuliza kama watoto wake watakula ngoma. Lakini mvua zikiisha, mavuno yakiingia ghalani na pamba ikianza kuuzwa, ngoma huanikwa juani ili ngozi zake zikaze. Ndipo habari huenea toka kijiji hata kijiji, toka Shinyanga mpaka upande wa machimbo ya dhahabu ya Geita, kwamba mashindano yanafunguliwa.

Watu wa mataifa mengine nao wana siku kama hiyo. Huko Uingereza baridi huzuia kriketi ya uwanjani kwa miezi mingi, na mwezi wa Aprili watu huenda kutazama mechi za kwanza za kriketi kati ya timu za kaunti. Mashindano hayo yalipangwa rasmi mwaka 1890, na kaunti zinazoshindana ni 18. Waingereza hungoja baridi ipungue. Wasukuma hungoja mavuno yaingie. Sababu ni mbali mbali, lakini furaha ni moja: watu waliotengwa na majira ya mwaka hukutana tena uwanjani.

Ili kuifahamu siku hiyo, yafaa kwanza kujua ni nani wanaoshindana. Wachezaji wa Usukuma wamegawanyika katika vyama vikubwa viwili, Wagika na Wagalu, ambao kwa Kisukuma huitwa Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba vyama hivi vilianza katika karne ya 19 kwa watu wawili waliokuwa mafundi wa ngoma na wajuzi wa dawa. Wa Wagika aliitwa Ngika, na wa Wagalu aliitwa Gumha. Kila mmoja alijiona kuwa bora kuliko mwenzake, nao wakakubaliana kuyapeleka majivuno yao mbele ya watu ili watu waamue. Tangu siku hizo mchezaji ni Mgika au Mgalu.

Ndani ya vyama hivi mna ngoma za namna nyingi. Bugobogobo ni ngoma ya majembe. Ilitoka katika kazi ya kulima kwa pamoja, vijana wakiinua na kushusha majembe yao kwa mwendo wa ngoma, ili kazi iwe nyepesi na asiwepo mvivu. Uwanjani wachezaji huyarusha majembe juu, huyazungusha na kuyadaka bila kukosea pigo. Bugoyangi ni ngoma ya Wayeye, yaani wale waliojifunza kukamata nyoka na kutibu walioumwa nao. Hao hucheza na chatu mkubwa mikononi. Bununguli ilianza kwa wawindaji wa nungunungu, mnyama aharibuye mashamba. Wigashe ni ngoma ya vijana, nayo huimbwa wachezaji wakiwa wameketi. Basi, ukiziangalia ngoma hizi, utaona kwamba nyingi zilizaliwa katika kazi: kulima, kuwinda na kutibu.

Kiongozi wa kundi huitwa manju, na kwa Kisukuma ningi. Kazi yake si kuimba tu. Yeye hutunga nyimbo mpya kila mwaka, kwa sababu wimbo wa mwaka jana hauwavuti watu tena. Hutunga habari za njaa na za mavuno, za bei ya pamba, za sifa za mtu mwema na aibu ya mchoyo. Hufundisha wachezaji wake usiku, kazi za mchana zikiisha. Tena hutafuta dawa ya ngoma, iitwayo samba, ambayo husemekana kwamba huvuta watu na kumlinda mchezaji na hila za mpinzani. Hakuna awezaye kuipima nguvu ya dawa hiyo kwa mizani. Lakini jambo moja laonekana na wote: kundi lililofanya mazoezi miezi miwili huenda pamoja kama mtu mmoja, na kundi lililolala likitegemea dawa tu huvunjika mbele ya watu.

Siku ya kufungua ikifika, watu huanza kuja alfajiri. Wengine hutembea kwa miguu na wengine hupanda baiskeli, nyuma ya mpandaji ameketi mke wake na mtoto mgongoni. Wenye kuuza hupanga karanga, miwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Uwanja ni mmoja, lakini makundi ni mawili. Wagika hushika upande mmoja na Wagalu upande wa pili, na kati yao huachwa nafasi. Wote huanza kucheza kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo mgeni hushangaa na kuuliza, “Je, mwamuzi yuko wapi?” Katika kriketi wapo waamuzi wawili uwanjani, na pembeni wapo waandishi wa kuhesabu mikimbio. Katika ngoma za Usukuma mwamuzi ni mkutano wote, nao huamua kwa miguu. Mtu akipendezwa na Wagika husimama kwao. Akisikia kelele za furaha upande wa Wagalu, hukimbilia huko akaone kuna nini. Kundi litakalokuwa na watu wengi mwisho wa shindano ndilo mshindi. Hakuna hongo iwezayo kununua miguu ya watu wote, wala hakuna manju awezaye kumlazimisha mtu kusimama mahali asipopapenda.

Kwa sababu hiyo manju hufikiri kama jemadari wa vita. Tuseme kwamba asubuhi Wagalu wamezungukwa na watu wengi, na Wagika wamebaki na ndugu zao tu. Manju wa Wagika akiingiwa na hofu, atatoa chatu wake mara moja. Watu watakimbilia kwake, watatazama, kisha watazoea na kurudi. Na jua bado liko juu, naye hana kitu kingine cha kuwaonyesha. Manju mwenye busara hatoi akiba yake yote asubuhi. Huvumilia kuona uwanja wake mtupu, huku akiwaambia wachezaji wake wasipunguze mwendo, hata wakati ufaao utakapofika. Kuvumilia huko ni kugumu sana, maana wapinzani huimba nyimbo za kumdhihaki, na kila mtu aliyeondoka kwake alimwona kwa macho yake mwenyewe.

Na linaloshindaniwa si dogo, ingawa pengine hakuna kikombe wala fedha. Manju akishinda, sifa yake hufika mbali, na vijana hodari hutamani kuingia katika kundi lake. Akishindwa, jina lake hutiwa katika nyimbo za wenzake, nazo huimbwa mpaka mvua zirudi. Tena, akishindwa mwaka hata mwaka, wachezaji wake humwacha mmoja mmoja wakamtafuta manju mwingine. Hivyo kazi aliyoijenga kwa miaka kumi yaweza kupungua katika muda mfupi. Ndiyo maana siku ya kwanza huogopwa na kutamaniwa pia, kwa kuwa watu hupenda kuuliza, “Nani alifungua vizuri?”

Hata hivyo ushindani huu una mipaka. Matusi ya uwanjani ni utani, nao hubaki uwanjani. Huenda mtu akawa Mgika na shemeji yake akawa Mgalu. Wakichekana mchana, jioni watakula ugali wa mtama katika sahani moja. Mtu atakayechukua hasira ya ngoma na kuipeleka nyumbani hucheka peke yake mwisho wake, kwa kuwa wote watamwona kuwa mtoto. Wahenga walisema, “Asiyekubali kushindwa si mshindani.”

Miongoni mwa mikutano mikubwa ya ngoma iliyo mashuhuri ni ule wa Bujora, karibu na Kisesa, si mbali na mji wa Mwanza. Hapo katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mtu wa Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alijifunza desturi za Wasukuma na kuzikaribisha ngoma na nyimbo zao kanisani. Hapo pia pana Makumbusho ya Wasukuma, ambamo huhifadhiwa ngoma za kale na vitu vya watemi. Mwezi wa Juni husherehekewa Bulabo, jina lenye maana ya maua, kwa sababu ya maua yanayopamba maandamano ya sikukuu ya Ekaristi. Baada ya ibada, Wagika na Wagalu hushindana kwa siku kadhaa, na watu wengi huja kutazama.

Siku hizi vijana wengi hupenda mpira wa miguu, na muziki husikika kutoka katika simu na redio. Lakini ngoma hazijanyamaza. Mavuno yakiisha, pigo la kwanza bado husikika jioni, na wazee na watoto hugeuza vichwa kusikiliza latoka upande gani. Kisha huinuka, wakaenda kuhukumu kwa miguu yao.