Ng'ombe Mzee: Afugwe au Auzwe?

Takriban kila boma la ng'ombe wa nyama lina ng'ombe jike mmoja aliyewapita wenzake wote kwa umri. Watoto wanamjua kwa jina lake, na pengine nusu ya kundi ni uzao wake. Mwenye boma akiulizwa kwa nini hamwuzi, hujibu: "Huyu ndiye aliyenipa mali." Jibu hilo ni la heshima, wala hatulicheki. Lakini ng'ombe wa kuzalisha ana kazi moja tu, nayo ni kuzaa ndama kila mwaka na kumlea vizuri mpaka aachishwe ziwa. Siku ashindwapo na kazi hiyo, anakula majani ya wengine.

Natufanye hesabu kidogo. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, na mwaka una siku 365. Kwa hiyo ng'ombe akishazaa amebakiwa na siku 82 tu za kurudisha nguvu, kutaka dume na kushika mimba tena, huku ndama akimnyonya. Ng'ombe mwenye mwili huweza. Aliyekonda hukawia, na akikawia sana, mwaka mzima hupita bila ndama.

Je, basi tuwauze mapema? Hapana, hiyo nayo ni hasara. Mtamba hula majani ya miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa ndama wake wa kwanza, na maziwa yake ya mwanzo huwa machache. Ng'ombe huwa katika ubora wake tangu miaka 5 hadi 9 hivi; ndama wake huwa wazito wakati huo. Baada ya miaka 10 nguvu huanza kupungua, ingawa si kwa wote sawasawa. Boran, ambaye asili yake ni nchi ya Waborana, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, anasifiwa kwa kuendelea kuzaa hata akiwa na umri mkubwa. Kwa hiyo miaka peke yake haitoshi kumhukumu ng'ombe. Yafaa atazamwe yeye mwenyewe.

Wakati mzuri wa kumtazama ni siku ya kumwachisha ndama ziwa. Kwanza, mfungue kinywa. Ng'ombe ana meno manane ya mbele, yote katika taya la chini. Jozi ya kwanza ya meno ya utu uzima hutoka akiwa na miaka 2 hivi, na ya mwisho kati ya miaka 4 na 5. Baadaye meno huisha, huachana, hulegea na kung'oka. Asiye na meno hawezi kukata majani mafupi ya kiangazi, hata akilisha kutwa. Pili, tazama kiwele. Kikining'inia sana na chuchu zikiwa nene, ndama mchanga hushindwa kuzishika, naye aweza kufa njaa mamaye ana maziwa. Tatu, mlinganishe ndama wake na wa rika lake. Nne, mwite daktari wa mifugo apime mimba; kuanzia mwezi wa tatu aweza kuitambua kwa mkono.

Ng'ombe mzee mwenye mimba na meno mazima, mwache azae. Mwenye mimba lakini meno yameanza kuharibika, mpe malisho ya karibu, azae, amlee ndama huyo wa mwisho, kisha auzwe. Asiye na mimba na asiye na meno, auzwe mara moja, angali na nyama mwilini.

Neno hili la mwisho ndilo linalowagharimu wengi. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi mapema mwaka 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika sehemu kavu za Kenya. Ng'ombe mzee, mwenye mimba na anyonyeshaye ndio hulegea kwanza. Anayeuzwa mvua zinapokatika hulipiwa nyama yake. Anayengojewa mpaka aanguke hana mnunuzi, naye amekwisha kula majani ambayo yangewaokoa mitamba.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andika katika daftari tarehe ya kila uzazi na hali ya kila ndama. Ukiona ng'ombe amezaa kila mwaka bila kukosa mpaka uzee wake, chagua mitamba kutoka kwa binti zake, na umtafute fahali asiye wa ukoo huo. Hivyo utamwuza kwa wakati wake bila kumpoteza, kwa maana damu yake itabaki bomani.